Jibu: Matokeo ya kelingi ya vijana Pasifiki-Asia baada ya 2015

Ndugu, umeuliza kwa nini orodha ya mashindano ya vijana ya Pasifiki-Asia katika kelingi (mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu kuelekea duara) inakatika 2015, na herufi X kwenye majedwali ina maana gani.

Haijapotea kitu. Mashindano ya mwisho yalifanyika Naseby, New Zealand, Januari 2015. Kuanzia 2016 yaliunganishwa na yale ya mchujo ya Ulaya yakawa Daraja B la Dunia, la kwanza likichezwa Lohja, Finland. Timu tatu za juu zilipanda kwenda ubingwa wa dunia. Kwa hiyo Korea, Japani na China watafute humo, na usiwachanganye na mashindano ya wakubwa ya Pasifiki-Asia, ambayo yaliendelea. Ukanda huo haukuwa dhaifu hata kidogo: wasichana wa Korea walipata fedha ya dunia 2014, wavulana wao dhahabu 2017.

X maana yake endi (kipindi kimoja cha mechi) haikuchezwa, timu moja ilikwishakubali kushindwa. Alama ya nyundo huonyesha nani alikuwa na jiwe la mwisho endi ya kwanza. Hapo ndipo wengi hukosea kusoma: anayepata pointi hupoteza jiwe la mwisho endi inayofuata, lakini endi ikiisha 0-0 aliyenalo hubaki nalo. Ndiyo maana utaona timu nzuri ikiacha kwa makusudi pointi moja, ikisubiri mbili.

Timu zikilingana kwa idadi ya ushindi, angalia kwanza nani alimfunga nani, kisha wastani wa umbali wa mawe ya majaribio (yanayosukumwa kabla ya mechi) kutoka katikati ya duara: sentimita chache ndizo bora.