Uzamili wa Bayoteknolojia: Kagua Maabara Kabla ya Kulipa Ada

Barua zilizotufikia kuhusu shahada ya uzamili ya bayoteknolojia zinafanana kwa jambo moja: karibu kila mwandishi anauliza jina la chuo, na ni wachache mno wanaouliza kuhusu maabara. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo Daktari. Nina shahada ya sayansi na ualimu, na ninafundisha baiolojia na kemia sekondari mkoani Iringa. Je, watanipokea, au itanibidi nianze upya?

Marahaba, Mwalimu. Huna haja ya kuanza upya. Vyuo vingi vya Tanzania hudai shahada ya kwanza katika fani inayohusiana, yenye wastani usiopungua 2.7 katika mizania ya alama 5, na aliyesoma baiolojia na kemia kwa njia ya ualimu kwa kawaida huhesabiwa kuwa ndani ya fani hiyo. Shida yako haitakuwa vyeti bali mikono. Mwenzako aliyesomea baiolojia ya molekuli ameshazoea kupima mikrolita mbili za kimiminika kwa pipeti, na wewe huenda hukupata nafasi hiyo hata mara moja. Tumia likizo moja kuomba kujitolea katika maabara yoyote ya utafiti au ya mifugo iliyo karibu nawe, hata kama kazi yenyewe itakuwa kuosha vyombo na kuandaa sampuli. Jioni rudia biokemia na jenetiki, hasa namna vinasaba vinavyonakiliwa na namna protini zinavyotengenezwa, kwa sababu muhadhiri wa uzamili hatarudi nyuma kukusubiri.

Nimekubaliwa na zaidi ya chuo kimoja. Nichague Dar es Salaam, Sokoine, Nelson Mandela, au nivuke mpaka?

Kila kimoja kina upande wake wa nguvu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara kamili ya Baiolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia. Sokoine, kule Morogoro, kimejikita katika mimea na mifugo, na ndiko yaliko makao ya SACIDS, taasisi ya Afya Moja inayochunguza magonjwa yanayohama kati ya wanyama na binadamu. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilianzishwa mahususi kwa masomo ya baada ya shahada ya kwanza. Nje ya mpaka kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, Kenya, na Makerere kule Kampala, Uganda, na vyote viwili vina historia ndefu katika fani hii.

Lakini kuchagua kwa jina peke yake ni kuchagua mchumba kwa picha. Ukiweza, fika mwenyewe, uombe kuonyeshwa maabara ambamo wanafunzi wa uzamili wanafanyia kazi. Tazama mashine ya PCR, ile inayonakili vinasaba. Kazi yake ni kupandisha na kushusha joto: nyuzijoto 95 hivi ili nyuzi mbili za vinasaba ziachane, kisha kati ya 50 na 60 ili praima, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyoanzisha unakili, zijishike mahali pake, kisha 72 ili uzi mpya ujengwe, na mzunguko huo hurudiwa mara 30 hadi 40. Umeme ukikatika katika mzunguko wa 28, sampuli na vitendanishi vyako, yaani kemikali za jaribio, huenda vimepotea. Kwa hiyo chungulia chini ya meza: je, mashine imeunganishwa na betri ya akiba, au imechomekwa ukutani tu? Muulize fundi wa maabara, si profesa, jenereta huchukua muda gani kuwaka na jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri lilizima lini mara ya mwisho. Mafundi wa maabara husema kweli.

Baada ya hapo zungumza na mwanafunzi aliye mwaka wa pili. Muulize vitendanishi vyake vinalipiwa na nani, na msimamizi wake humpa majibu baada ya siku ngapi anapompelekea sura ya tasnifu. Mhadhiri mwenye mradi wa utafiti unaoendelea, hata akiwa katika chuo kisicho na sifa kubwa, atakufikisha haraka kuliko profesa mashuhuri asiye na fedha za kununulia hata agarosi, jeli ya kutenganishia vinasaba.

Kuna uzamili wa masomo ya darasani pamoja na tasnifu, na kuna wa utafiti mtupu. Upi una hadhi?

Hadhi ni moja, kwa kuwa zote ni ngazi ya 9 katika mfumo wa sifa za vyuo vikuu vya Tanzania. Anayebadilisha fani achukue wa darasani. Utafiti mtupu unamfaa aliye kazini katika taasisi yenye maabara na mradi tayari.

Sina mtu wa kunilipia. Ufadhili upo kweli, au ni matangazo tu?

Upo, ila mashindano ni makali. Wa kuanza nao, kwa maoni yangu, ni Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika, ambacho tawi lake la sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu limo ndani ya Jomo Kenyatta, Juja, na lina uzamili wa baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia. Matangazo yake ya miaka iliyopita yamekuwa yakiweka ukomo wa umri wa miaka 30 kwa wanaume na 35 kwa wanawake, kwa hiyo aliyemaliza shahada ya kwanza asikae sana. Chevening ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, lakini hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na ahadi ya kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo, neno "bure" lisikuponze: anayejilipia hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu katika akaunti maalumu, na kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka.

Kwa anayejilipia hapa nyumbani, nasisitiza jambo ambalo barua za udahili huligusa juujuu. Ada ni sehemu tu ya gharama. Praima huagizwa, vimeng'enya huagizwa na husafirishwa katika ubaridi, na huduma ya kusoma mfuatano wa vinasaba hulipiwa kwa kila sampuli. Kabla ya kutia saini, omba kuonyeshwa kwa maandishi ni nini kitalipiwa na mradi na ni nini kitatoka mfukoni mwako.

Kaka yangu alimaliza masomo ya darasani kwa wakati, lakini utafiti umemkalisha muda mrefu. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni vibali. Utafiti unaogusa binadamu unahitaji kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na sampuli ikivuka mpaka, kwa mfano kwenda kusomwa Afrika Kusini, kunahitajika mkataba wa kuhamisha sampuli baina ya taasisi mbili na ruhusa ya mamlaka husika. Haya hayaanzwi baada ya mitihani. Andiko la utafiti lianze kuandikwa muhula wa kwanza, na maombi ya vibali yapelekwe wakati vipindi vya darasani bado vinaendelea.

Mimi ni mzazi, Dodoma. Binti yangu anataka kusoma haya mambo ya vinasaba, na nasikia Serikali imekataa GMO, hivi viumbe vilivyobadilishwa jeni. Si atasomea kazi isiyokuwepo?

Mzee wangu, hofu yako ina chanzo cha kweli, tena karibu na nyumbani kwako. Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni ili yastahimili ukame yalianza Makutupora mwaka 2016, na Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru yasimame. Kenya iliondoa katazo lake la mwaka 2012 mnamo Oktoba 2022, na suala hilo likaishia mahakamani. Anayetaka kujenga maisha yake juu ya mbegu za GMO pekee hapa Tanzania namshauri afikiri mara mbili.

Ila GMO ni chumba kimoja tu cha nyumba hii. Watafiti wa kilimo wa Mikocheni hutambua virusi vya batobato na michirizi kahawia kwenye mihogo bila kubadilisha jeni ya mmea wowote. Kibaha kuna chanjo ya mdondo wa kuku inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, na kiwanda cha viuadudu kinachokuza bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu. Bagamoyo, Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S na R21. Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba kwa ajili ya mahakama na kwa migogoro ya uzazi. Sikufichi kwamba nafasi za kudumu ni chache. Wengi huanza kwa mikataba ya miradi, na mradi ukiisha hutafuta mwingine. Binti akiweza kuvumilia hilo, mruhusu.

Je, naweza kuepuka maabara nikasoma bayoinfomatiki, yaani kuchambua data za vinasaba, kwa kompyuta yangu tu?

Unaweza, na data za kufanyia mazoezi zipo bure katika hazina ya GenBank. Jifunze mfumo wa kompyuta wa Linux na lugha ya programu ya R au Python kabla ya kuomba nafasi. Pamoja na hayo, kaa maabara angalau muhula mmoja, kwa sababu asiyejua jinsi sampuli ilivyochafuliwa mezani ataichukua dosari hiyo kuwa ugunduzi.