Wasifu wa mama aliyekulia ranchini: majibu kwa wasomaji

SWALI: Mama mkwe wangu amefariki akiwa na miaka 96. Alizaliwa 1928 kwenye ranchi huko Cherry County, Nebraska. Alianza kufundisha 1946, akaacha 1951 alipoolewa, akarudi darasani 1966 na kustaafu 1990. Alikuwa na watoto wanne, wa kwanza alizaliwa 1952. Mume wangu ameniomba niandike wasifu wake kwa Kiswahili, usomwe kwenye ibada ya kumkumbuka nyumbani kwetu Morogoro. Kila nikiandika nabaki na sentensi moja: alikuwa mwalimu hodari na mama mwenye upendo. Nifanyeje?
Mama Watatu, Denver

JIBU: Pole sana kwa msiba, Mama Watatu. Sentensi hiyo ni ya kweli bila shaka, ila inaweza kusomwa kwenye msiba wa mama yeyote kuanzia Denver hadi Dumila. Iweke pembeni, uanze na miaka uliyotuandikia, kwa sababu yenyewe ina habari.

Mtoto wa kwanza alizaliwa 1952, kwa hiyo 1966 alikuwa na miaka 14, umri wa kumaliza darasa la nane. Shule za huko ranchini ziliishia darasa hilo. Sekondari ilikuwa mjini, na Cherry County ni pana kiasi kwamba mji unaweza kuwa kilomita 60 au zaidi kutoka nyumbani. Familia nyingi zilimpangia mtoto chumba kwa watu mjini, au mama alihamia mjini na watoto kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, baba akabaki na ng'ombe. Waulize mumeo na wifi zako: je, mwaka ule walipanga nyumba mjini? Kama ndivyo, mama hakurudi kazini baada ya kumaliza kulea. Alirudi kwa ajili ya kulea, na huenda mshahara wake ndio uliolipa kodi ya nyumba. Hapo umeshapata aya nzima, na neno "upendo" hujalitumia.

Mwaka 1951 nao usiuandike kwa haraka. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia bodi nyingi za shule Marekani hazikuajiri mwanamke aliyeolewa, na mwalimu akiolewa alipoteza kazi. Vita vilipoleta upungufu wa walimu, masharti hayo yalilegea sehemu nyingi. Kwa hiyo 1951 huenda alikatazwa, au huenda ranchi ya mume ilikuwa mbali mno na shule yoyote. Usiandike "alifukuzwa" wala "aliamua kukaa nyumbani" mpaka mtu wa familia athibitishe. Isitoshe, mke wa mfugaji hakukaa tu: wakati wa kukata nyasi, Julai na Agosti, alipikia kundi zima la vibarua mchana na jioni.

Kwa miaka ambayo hakuna aliye hai wa kuisimulia, fuata kumbukumbu hizi.

Anza na sensa. Marekani hufungua karatasi za sensa baada ya miaka 72. Ile ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022 na inasomwa bure kwenye tovuti ya Nyaraka za Taifa za Marekani. Ya 1960 itasubiri 2032. Kwenye sensa ya 1940 mtafute kwa jina la ukoo wa baba yake, akiwa na miaka 11 au 12. Utaona amefika darasa la ngapi, maana mwaka huo watu waliulizwa hivyo. Kwenye ya 1950 wengi hukwama, kwa kuwa wanamtafuta kwa wazazi wake. Mwalimu kijana wa kijijini mara nyingi alilala kwa familia ya mwanafunzi, na karani akamwandika kama mpangaji wa nyumba hiyo. Ukimkosa kwa jina, soma kurasa zote za eneo la shule yake, moja moja. Majina nayo yaliandikwa kama yalivyosikika, basi jaribu tahajia tatu au nne.

Halafu tafuta ardhi. Tovuti ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu, ina nakala za hati za kwanza za umiliki. Chagua jimbo, kaunti, na jina la ukoo la babu yake. Ukikuta ekari 640 kwa hati ya baada ya 1904, huenda hiyo ni Sheria ya Kinkaid, iliyotungwa kwa ajili ya magharibi ya Nebraska pekee. Sheria ya 1862 ya kuwagawia walowezi ardhi ilitoa ekari 160, ambazo kwenye vilima vya mchanga vya huko hazikutosha kulisha ng'ombe wa kuitunza familia. Hati itataja eneo kwa namba tu, bila jina la kijiji. Usiogope. Eneo moja kubwa lilikuwa mraba wa maili sita kwa sita, likagawanywa viwanja 36 vya maili moja kwa moja, na kiwanja kimoja ni ekari 640. Nebraska ilitenga kiwanja cha 16 na cha 36 kwa ajili ya shule, na kodi ya malisho ya ardhi hiyo ya shule inachangia elimu hadi leo. Yaani ng'ombe wa majirani walichangia mshahara wa mama mkwe wako. Hilo liandike, wafugaji watakaokuwa ibadani watalielewa haraka kuliko sisi.

Mwisho, shule. Usiulize kwa jina, uliza kwa namba ya wilaya ya shule, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kwenye daftari. Daftari za mahudhurio na mikataba ya walimu zilikuwa kwa mkaguzi wa elimu wa kaunti, na nyingi zimehamia makumbusho ya kaunti au hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Nebraska iliwahi kuwa na wilaya za shule zaidi ya 7,000. Za mwisho zilizokuwa na shule ya msingi peke yake ziliunganishwa na nyingine 2006.

SWALI: Shangazi yetu wa Montana alifundisha "shule ya chumba kimoja". Wazee wa huku wanauliza: aliwezaje madarasa manane peke yake? Na alianza akiwa na miaka 18, je, alikuwa na cheti?
Msomaji, Arusha

JIBU: Aliweza kwa kugawa saa vipande vidogo. Darasa moja liliitwa mbele kwa dakika kama kumi, likasoma au likajibu maswali, likarudi kwenye madawati kuandika huku lingine likija. Darasa la saba na la nane mara nyingi yaliunganishwa: mwaka huu wote wanasoma mtaala wa la saba, mwaka ujao wa la nane. Walivurugikiwa pale mwalimu mpya alipokuja bila kuangalia daftari la aliyemtangulia, akarudia mwaka uleule.

Kazi ilianza kabla ya kengele. Mwalimu alifika mapema, akatoa majivu, akawasha jiko la makaa ya mawe. Jiko lisilo na kizuizi liliwachoma waliokaa karibu na kuwaacha wa nyuma wakitetemeka, ndiyo maana shule zenye uwezo zilinunua jiko lenye koti la bati, lililovuta hewa baridi chini na kuitoa ikiwa moto juu. Muulize mwanafunzi wake wa zamani alikaa dawati la wapi. Swali hilo hufungua mdomo kuliko "alikuwaje?"

Kuhusu cheti, ndiyo, inawezekana kabisa. Majimbo ya magharibi yaliwapa vijana wa umri huo vyeti vya kufundishia vijijini, na Nebraska hata baadhi ya sekondari zilikuwa na mafunzo ya ualimu ndani yake. Cheti kiliendelezwa kwa masomo ya likizo ya kiangazi kwenye chuo cha ualimu: Montana ilikuwa na chake Dillon tangu 1897, Nebraska kimoja kilifunguliwa Chadron 1911. Ukiona shahada imepatikana akiwa na miaka 40, hesabu viangazi, usidhani alichelewa.

Na kama alikuwa Nebraska au Wyoming mwaka 1949, ulizia Januari. Tufani ya theluji iliyoanza tarehe 2 ilifunga barabara kwa wiki kadhaa. Jeshi lilileta matingatinga, na ndege zikadondosha mabunda ya nyasi kwa ng'ombe waliokwama.

SWALI: Wasifu tuliotumiwa unasema bibi "alilea ndama jikoni". Tutafsiri hivyo hivyo? Watu watacheka.
F. M., Iringa

JIBU: Wacheke, ila waelezwe. Ng'ombe wengi huko huzaa kuanzia Februari, baridi ikiwa chini ya sifuri. Ndama akizaliwa usiku akiwa bado amelowa, masikio na mkia huganda, naye hushindwa kusimama kunyonya. Hapo ndipo anapoingizwa jikoni, anafutwa kwa magunia na kupewa dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, lita mbili hivi, ndani ya saa sita za kwanza, kisha nyingine kabla ya saa kumi na mbili kupita. Sababu ni kwamba utumbo wake hupokea kinga ya mama kwa muda mfupi tu. Siku moja ikipita, mlango umefungwa. Dang'a iliyogandishwa huyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu. Ikichemshwa, kinga yote hufa na ndama anashiba bure. Mitamba wanaozaa mara ya kwanza huchunguliwa kila baada ya saa mbili au tatu usiku kucha, na mwenye zamu ya usiku wa manane aliweza kuwa huyo huyo anayewasha jiko la shule asubuhi.

Neno "ranchi" liacheni lilivyo. Mkiandika "shamba", Iringa wataona mahindi. Waliozoea Kongwa wanajua ranchi ni nini.

SWALI: "Ameacha wajukuu 11, great-grandchildren 19 na wengine 2 wa baada ya hao." Kiswahili chake?
Mama Watatu tena

JIBU: Wajukuu 11, vitukuu 19, vilembwe 2. Waliomtangulia watajwe kwanza, mume wake akiwemo, kisha walio hai. Majina ya watoto yaende kwa kuzaliwa, si kwa aliyechangia tiketi. Soma kwa sauti huku ukitazama saa: maneno 500 huchukua kama dakika tano, na majina ya Kiingereza huongeza moja. Msomaji wa Morogoro aandikiwe matamshi yake kwa penseli pembeni, siku moja kabla.