Vile vidonge vya kwenye chai yangu

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeupata, na ile sauti uliyonirushia nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Huyo bwana anasema vidonge vya utamu, hivi ninavyotia kwenye chai badala ya sukari, vinaleta saratani, Shirika la Afya Duniani limeshakiri, na mwenye sukari ahamie kwenye asali. Wewe ukauliza: "Baba, hivyo vidonge ni salama kwako, au tunakaa kimya huku unajidhuru?" Nitakujibu kama nilivyozoea kujibu darasani, kwa hiyo vumilia urefu.

Hilo la saratani lina ukweli kidogo uliovutwa mpaka ukapinda. Julai 2023 kitengo cha Shirika hilo kinachochunguza saratani kiliiweka aspatemu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye vidonge vyangu, katika kundi la 2B: vitu vinavyoshukiwa kuwa huenda vinaleta saratani, kwa ushahidi ambao bado ni haba. Makundi hayo hupima ushahidi una nguvu gani, si hatari ni kubwa kiasi gani. Humo humo kundi la 2B imo alovera inayosagwa jani zima na ganda lake, ile ile ambayo shangazi yako anakunywa kila asubuhi na kutulazimisha na sisi. Ya alovera sijaona mtu akiirekodia sauti. Na mwezi huo huo kamati nyingine, ile inayopanga mtu ale kiasi gani kwa siku, iliangalia ushahidi ikaacha kiwango cha zamani kilivyokuwa: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 akitaka kuvuka hapo itabidi anywe zaidi ya makopo 9 hadi 14 ya soda zilizotiwa aspatemu, kwa siku moja. Mimi natumia vidonge sita kutwa nzima. Ukivijumlisha vyote havifiki kopo moja.

Hofu hii nayo si ngeni. Sakarini, babu wa vitu hivi, iligunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg, mkemia aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Ira Remsen, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Alitoka kazini bila kunawa, akashika mkate, akashangaa mkate mtamu. (Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemtoa maabara muhula mzima.) Miaka ya sabini panya waliolishwa sakarini nyingi wakapata saratani ya kibofu, Marekani wakataka kuipiga marufuku, mwishowe wakaishia kuibandikia onyo. Baadaye ikajulikana kwamba mkojo wa panya dume una namna yake, na kinachotokea mle kwenye kibofu chake hakitokei kwetu. Mwaka 2000 Marekani waliitoa kwenye orodha yao ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani.

Kuna jambo jingine ambalo huyo bwana hakulisema, na mimi naliona zito zaidi. Mei 2023 Shirika hilo hilo lilishauri watu wasitegemee vitamutamu hivi kupunguza unene, maana kwa muda mrefu havionyeshi kusaidia. Ushauri huo ukasema wazi kwamba hauwahusu wenye kisukari tayari. Hapo usielewe kwamba sisi tumepewa ruhusa. Ni kwamba hawakutuhesabu. Zipo pia tafiti zilizofuatilia watu miaka mingi zikakuta wanaotumia sana wanaugua zaidi moyo. Lakini anayekimbilia vitu hivi mara nyingi ni yule ambaye uzito au sukari imeshamsumbua, kwa hiyo kujua kipi kilitangulia ni kazi. Ndiyo maana natumia sita, si ishirini.

Kwa nini basi nisiache kabisa? Unakumbuka chai yangu ya zamani: vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku. Hivyo ni vijiko kumi na viwili vya sukari kabla hujagusa chakula. Vidonge viliniondolea hivyo vyote, na kipimo kikaonyesha. Ila vilinifundisha ujanja mbaya pia. Nikisha kuona chai haina sukari, najipa haki ya andazi la tatu. Na andazi ni ngano, mwanangu, ngano inageuka sukari tumboni hata kama chai ni tasa. Zile biskuti zinazouzwa kuwa za wenye kisukari ni hivyo hivyo, ngano na mafuta. Baadhi ya vipakiti vya unga mtamu navyo vimejazwa glukosi au wanga kidogo ili unga uonekane, basi soma nyuma. Ukikuta kikopo kimeandikwa kina fenilalanini, ambayo hutoka kwenye aspatemu, usishtuke, hilo ni onyo kwa wale wachache waliozaliwa na ugonjwa wa kushindwa kuivunja.

Sasa nikwambie siku ambayo utamu huu ulitaka kuniangusha kweli, maana mama yako alikuficha. Mwaka jana nilimeza dawa ya kushusha sukari asubuhi nikaenda kufuatilia pensheni, foleni ikala mchana wote, sikula. Nafika nyumbani jasho linanitiririka, mikono inatetemeka, namwita Juma jina la baba yake. Kipimo cha sukari ya damu kinasoma 3.0 (milimoli kwa lita), imeshuka mno. Juma, mtoto wa watu, akakimbia dukani kwa Mangi akarudi na soda baridi, akanifungulia mwenyewe. Nikanywa yote. Robo saa baadaye kipimo kinasoma 2.8. Mama yako akageuza chupa, akakuta ni ile isiyo na sukari. Juma akasema, "Si Babu ana sukari? Nikamchagulia ya kwake." Mama yako hakumjibu, alichota sukari vijiko vinne, akakoroga kwenye maji nusu glasi, akanishikia kichwa nikanywa. Baada ya robo saa nyingine 4.6, na nikaanza kuona aibu, jambo ambalo ni dalili ya kupona.

Kwa hiyo ukiwa na mimi nikaanza kutetemeka, au kipimo kikawa chini ya 4, usiniletee kitu chochote kilichoandikwa hakina sukari. Sukari yenyewe, vijiko vitatu au vinne, au soda ya kawaida nusu chupa. Subiri robo saa, pima tena. Nikiwa nimezimia usinitie kitu mdomoni, nikimbize hospitali. Waambie na kaka zako.

Asali ya Tabora nyumbani tunayo, zawadi ya Mjomba, na ni tamu ajabu. Lakini ndani yake sehemu kubwa ni fruktosi na glukosi, yaani sukari, ikiingia kwangu kipimo hakiulizi kama ilitoka kwa nyuki au kiwandani. Usininunulie nyingine. Ukija Desemba leta dagaa wa huko Mwanza, wale wakavu wasio na mchanga.

Juma siku hizi anatembea na pipi mbili kwenye mfuko wa kaptula, anasema ni za Babu. Nimezihesabu jana, imebaki moja.

Baba yako