Maswali ya bunduki: fito, kutu na gobore la babu

Kabla ya yote: brashi haiguswi mpaka chemba, pale risasi inapokaa, ionekane tupu. Toa magazini (kisanduku cha risasi), vuta boliti (komeo linalofunga chemba), chungulia, kisha ingiza kidole. Narudia kwa sababu bado naandikiwa na watu wanaoanza na mafuta.

*Nawinda upande wa Rungwa na bunduki ya .375. Nisafishe mtutu kila baada ya risasi ngapi? (Iringa)*

Msimu ukikaribia, kila mtu anataka namba. Namba haipo. Bunduki ikinyeshewa isafishwe jioni ileile, hata kama hukupiga risasi hata moja. Ukipiga chache kwenye ukavu, pitisha kitambaa chenye dawa ya kusafishia mtutu, subiri kama dakika kumi masizi yalainike, brashi mara chache, halafu vitambaa vikavu hadi kimoja kitoke safi. Mafuta yawe matone mawili matatu tu, na uyafute kabla ya kupiga tena, maana risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta huenda inakotaka yenyewe. Yakijaa kabisa, mtutu unaweza hata kupasuka.

Fito, ile ya kusukumia brashi na kitambaa, iingie kwa nyuma, upande wa chemba. Wengi mnaisukumia mdomoni kwa haraka, nayo inakwangua ule ukingo ambao risasi inaugusa mwisho kabla ya kutoka. Ukingo ukiliwa upande mmoja, shabaha imekwenda. Mitutu niliyoletewa ikiwa imeharibiwa na fito ni mingi kuliko iliyochoka kwa risasi, na wenyewe wote husema wanasafisha sana. Najua!

*Oili chafu ya gari inafaa? (Makambako)*

Hapana. Ina masizi na vumbi la chuma, vitu vilevile unavyotaka kuvitoa.

*Nasugua siku ya tatu, kitambaa bado kinatoka na bluu. (Mbarali)*

Brashi yako ni ya shaba? Bluu ni shaba iliyoyeyuka, na dawa inayoyeyusha shaba ya risasi inayeyusha na brashi. Siku tatu umekuwa ukisafisha brashi. Nunua ya nailoni, na dawa yenye amonia usiilaze ndani ya mtutu usiku kucha.

*Niliifunga kwenye mfuko wa ngozi tangu masika, sasa ina kutu ndani. (Tukuyu)*

Kwa ukungu wa Tukuyu ulitegemea nini? Ngozi hunywa unyevu na kuushikilia. Mfuko ni wa safari. Nyumbani bunduki ikae kwenye kabati la chuma lenye kufuli, bila mfuko. Kutu ya juujuu iloweke kwa mafuta, kisha pitisha brashi taratibu. Ukiona vishimo, acha kusugua umwone fundi mwenye leseni. Msasa usifikirie.

*Tumekuta gobore la marehemu babu darini. Tulisafisheje tulitundike ukutani? (Chunya)*

Msilisafishe, wala msiliinulie moto mpate kuchungulia. Gobore hujazwa kwa mdomoni, na wazee wengi waliyatundika yakiwa yameshiba. Baruti nyeusi ikikaa kavu hungoja miaka mingi. Tena bila leseni hiyo ni silaha haramu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina habari na mapambo yenu. Liacheni hapohapo, watoto watoke, mmoja aende kituo cha polisi akaeleze, waje walichukue wenyewe. Msilipakie kwenye bodaboda.