Maswali yenu kuhusu hipnosisi: tumbo, usingizi na hofu ya ziwa

Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Shoga yangu ameshauriwa atibiwe kwa hipnosisi. Si ndiyo yale ya kupumbazwa mpaka mtu anatoa pesa mwenyewe?

Hapana, mama. Anayefanyiwa hipnosisi hasinzii wala hazimii. Anasikia, anajua aliko, na akiambiwa asilolitaka hulikataa. Umakini wake ndio unaokusanyika mahali pamoja, kama fundi wa nyavu aliyezama kwenye kazi asisikie akiitwa. Jina lenyewe limeleta utata: daktari wa upasuaji wa Uskoti, James Braid, alilieneza miaka ya 1840 akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye aliona halifai, akataka kulibadili, lakini watu walikuwa wameshalizoea.

Tumbo linajaa gesi na kusokota; leo naharisha, kesho choo kigumu. Nimeambiwa sina kidonda. (Mwalimu, Nyegezi)

Kwa utumbo mwepesi wa kushtuka namna hii, hipnosisi ina ushahidi mzuri kuliko kwa mambo mengi inayosifiwa. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester, Uingereza, walichapisha matokeo yao ya kutibu tumbo la namna hii kwa hipnosisi, na tangu hapo utaratibu umekuwa karibu uleule: vikao 7 hadi 12, kimoja kwa wiki, na mazoezi ya nyumbani kila siku. Mgonjwa akishatulia huweka kiganja tumboni, husikilizia joto lake, kisha huona utumbo ukienda taratibu kama mto usio na maporomoko.

Ila sisi wa kando ya ziwa tusikimbilie huko kabla ya kupima kichocho. Kipimo kimoja cha choo huweza kuyakosa mayai ya minyoo wake, kwa hiyo omba kirudiwe siku nyingine. Damu kwenye choo, kupungua uzito, au kuamshwa usiku na kuharisha ni mambo ya hospitali kwanza.

Naendesha bodaboda Buzuruga. Nikijaribu mwenyewe naishia kukoroma. Nakosea wapi?

Pengine unalala chali, tena umeshiba ugali na usingizi unakudai. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, zima simu kabisa, tenga dakika 15. Bila kuinua kichwa, kazia macho alama iliyo juu kidogo ya usawa wa macho mpaka kope zichoke, kisha zifumbe. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6. Hesabu kutoka 10 kurudi 1, kila namba ukilegeza kiungo kimoja: paji la uso, taya, mabega, kushuka hadi nyayo.

Sasa jiambie sentensi moja tu, ya wakati uliopo: “Mabega yangu ni mepesi.” Ukisema “sitaogopa”, akili inaanza kwa kuichora hiyo hofu. Kaa na sentensi hiyo wiki mbili. Wengi huibadili kila siku, isipate mizizi. Na usijichungulie kila mara kuona kama “umeingia”, maana kuchungulia ndiko kunakokutoa. Maliza kwa kuhesabu 1 hadi 5, cheza vidole, fumbua macho. Subiri dakika 10 kabla ya kupanda pikipiki, na usisikilize rekodi za hipnosisi ukiwa barabarani hata siku moja.

Mtumbwi ulipinduka. Tangu hapo siwezi kwenda ziwani. (Mvuvi, Ukerewe)

Pole sana, ndugu. Panga ngazi za hofu, kila moja ukiipa alama 0 hadi 10: kuutazama mtumbwi, kushika kamba yake, kuukalia mtumbwi uliofungwa, kwenda kasia chache. Ipitie kila ngazi akilini, ukiwa umetulia kama nilivyomweleza wa bodaboda, mpaka alama yake ishuke hadi 3, ndipo uifanye kweli. Kama tukio linakurudia ndotoni au mchana, usifanye peke yako. Hofu inayokuambia vaa jaketi la kuokolea, hiyo iache ilivyo.

Itanisaidia kumkumbuka mwizi wangu?

Hapana. Huongeza uhakika wa mtu kuliko usahihi wa kumbukumbu, na asiye na hatia anaweza kuumia.

Nimjuaje mtaalamu?

Muulize angekutibuje bila hipnosisi. Daktari au mwanasaikolojia atakuwa na jibu, na atakuuliza kama umewahi kusikia sauti zisizosikika na wengine au una kifafa. Asiyeuliza hayo na anayetaka malipo ya vikao vyote mkononi, muage.