Mtoto Mwenye Usonji Asiyeongea: Mfundishe Kuomba Kabla ya Kutamka

Mzazi akishaambiwa kwamba mtoto wake ana usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, au kwamba ukuaji wake umechelewa, mara nyingi huanza kumsemesha: "Sema maji. Sema mpira. Haya, sema." Mtoto hasemi, mzazi anapandisha sauti, na baada ya muda mtoto anajifunza kukimbia kila anapoona mtu mzima amechuchumaa mbele yake. Bidii ipo, ila imeanzia mwisho. Kabla ya kutamka, mtoto anatakiwa ajue kwamba kuna mtu mwenye kile anachokitaka, kwamba mtu huyo anaombeka, na kwamba ukimwomba kitu kinakuja. Mtoto anayekukamata mkono na kuupeleka kwenye kabati bila kukutazama usoni bado hajafika hapo. Kwake mkono wako ni kifaa tu.

Masikio yapimwe kwanza, hata kama unaamini anasikia. Mtoto anaweza kugeuka mlango ukigongwa na bado asizipate sauti nyembamba kama s na f. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza apelekwe kwa daktari mapema. Huyo si wa kusubiri "atabadilika akikua".

Mpe sababu ya kuomba

Nyumba nyingi zenye mtoto asiyeongea zimejipanga kiasi kwamba hana haja ya kuomba chochote. Kikombe kimejazwa kabla hajaona kiu, na mlango umefunguliwa kabla hajaufikia. Punguza kidogo. Kitu anachokipenda kikae ndani ya chombo kinachoonyesha kilichomo, chenye kifuniko kigumu, mahali anapokiona lakini hawezi kukifungua. Biskuti ivunjwe vipande vya ukubwa wa ukucha, maana biskuti nzima ni ombi moja, na vipande kumi ni maombi kumi. Mapovu ya sabuni yanafaa sana: yanapasuka yenyewe, na chupa yake humshinda mtoto kufungua. Milo na maji ya kunywa visigeuzwe mazoezi. Mwenye njaa hafundishiki, na si haki kumfanyia hivyo.

Usikisie anachokipenda. Weka vitu viwili mbele yake, angalia anakimbilia kipi, badilisha jozi, rudia siku nyingine. Huenda akaacha kigari kizuri akachagua kifuniko cha chupa. Basi kifuniko ndicho cha kufundishia.

Kisha nyamaza. Shika chombo, mtazame, hesabu kimoyomoyo hadi sekunde 5, hata 10. Watoto hawa wengi huchelewa kuchakata walichosikia, na ukisema "unataka?" halafu "nikupe?" halafu "hiki hapa, wataka hiki?", umempa kazi tatu mpya kabla hajamaliza ya kwanza. Kunyamaza huku ndiko kunakowashinda watu wazima kuliko hatua nyingine yoyote.

Kadi ya kwanza

Kwa mtoto asiye na maneno tunapendelea kuanza na mfumo wa kubadilishana picha, unaojulikana kwa kifupi PECS, ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost. Ubora wake ni kwamba mtoto hawezi kuutumia bila kumwendea mtu. Kadi iwe na picha moja kwenye mandhari tupu, upande mmoja kama sentimita 5, ifunikwe kwa selotepu pana isichanike, na nyuma iwekwe velkro, utepe wa kubandika na kubandua, ili ikae kwenye kitabu chake cha kadi.

Wanahitajika watu wazima wawili, na hapa ndipo wengi wanapochukua njia ya mkato. Mmoja anakaa mbele akiwa na kitu kinachotakiwa. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto na hasemi neno lolote. Kadi iko katikati. Mtoto anaponyoosha mkono kukifuata kitu, wa nyuma anauongoza mkono huo uokote kadi, uipeleke na kuiachia kwenye kiganja cha wa mbele. Wa mbele anatoa kitu papo hapo huku akikitaja: "Mpira!" Hasemi "vizuri sana", hasemi "sasa sema mpira". Anataja, anatoa, basi.

Msaada wa nyuma unaondolewa kuanzia mwisho. Kwanza mtoto anaachiwa aangushe kadi kiganjani mwenyewe, baadaye aifikishe mwenyewe, mwishowe aiokote mwenyewe. Ukiondoa kuanzia mwanzo, atakwama kwenye kuokota na zoezi zima litasimama.

Makosa ya hatua hii yanajulikana. La kwanza ni kuuliza "unataka nini?", mtoto anajifunza kungoja swali, na asipoulizwa haombi. La pili ni kufungua kiganja mapema, nacho kikawa ishara anayoisubiri. La tatu ni mtu mmoja kufanya kazi zote mbili, mtoto akazoea kwamba anayetoa ndiye pia anayesukuma mkono. Kama kweli uko peke yako, omba jirani au kaka mkubwa kwa dakika kumi. Dakika kumi za watu wawili zinazidi saa nzima ya mmoja.

Akishaweza, usikimbilie kadi ya pili. Ongeza umbali. Rudi nyuma hatua moja, halafu tatu, halafu geuza mgongo ili akuguse bega. Weka kadi mbali naye pia. Badilisha mtu, chumba na kitu. Hatua hii inachosha na watu huiruka, ndiyo maana kuna watoto wanaoomba vizuri mezani kwa mwalimu na nyumbani wanalia tu.

Kutofautisha picha kunakuja baada ya hapo. Anza na kadi mbili: anachokipenda na asichokijali, tuseme mpira na soksi. Akileta soksi, mpe soksi. Akishangaa au kuitupa, usimkemee; gonga kadi ya mpira kwa kidole aione, mwongoze aitoe, msifu lakini usimpe mpira bado. Mfanyishe kitu kingine chepesi anachokijua, kama kupiga makofi, kisha mrudishie kadi zote mbili achague upya. Ukimpa mpira mara tu ulipomwonyesha jibu, atajifunza kukosea kwanza na kusahihishwa baadaye. Vitu viwili vyote vikiwa vya kupendwa, hakikisha kwa njia nyingine: akileta kadi, mshikie vitu vyote viwili, mwambie "chukua". Akichukua kisicholingana na kadi, hajaitofautisha picha, alibahatisha.

Huko mbele kuna ukanda wa sentensi, ambapo mtoto anabandika kadi ya "nataka" na picha ya kitu, kisha kujibu maswali, kisha kueleza anachokiona. Asiyeelewa picha kabisa aanzie na kitu chenyewe: pakiti tupu ya biskuti, kifuniko cha chupa ya mapovu.

"Si atakuwa mvivu wa kuongea?"

Kila mzazi huuliza. Mwaka 2006 watafiti Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walipitia tafiti zilizopo kuhusu swali hilihili. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa usemi baada ya kupewa njia mbadala ya kuwasiliana, na wengi usemi wao uliongezeka, ingawa mara nyingi kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo kadi haziharibu kitu. Wala hazimhakikishii mtoto kwamba ataongea, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu.

Kadi za vitu peke yake hazitoshi. Kando yake tengeneza ubao wenye maneno yanayotumika popote: zaidi, acha, saidia, hapana, imeisha, twende. Kila neno likae mahali pake daima, kwa sababu mkono hukariri nafasi kabla jicho halijakariri picha. Na wewe uutumie: unaposema "zaidi", gusa zaidi. Hakuna mtoto anayejifunza lugha ambayo hajawahi kuona mtu akiitumia.

Katika yote hayo, "acha" na "saidia" ndiyo yenye thamani kubwa. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba watoto waliokuwa wakifanya vurugu darasani walipungukiwa na vurugu hizo walipofundishwa kuomba msaada au kuomba kusikilizwa, kulingana na sababu ya vurugu ya kila mmoja. Sharti ni kwamba ombi liwe jepesi na la haraka kuliko kupiga kelele. Kadi ya "acha" ikiwa ndani ya begi lililofungwa, atachagua kelele. Na mwanzoni iheshimu kila mara, hata ikikukera.

Je, akiomba kitu ambacho hakipo? Usifiche kitabu cha kadi. Huko ni kumziba mdomo. Mwonyeshe kwamba kimeisha, weka alama nyekundu juu ya kadi hiyo, mpe mbili nyingine achague.

Kwa mtoto anayerudiarudia maneno ya wengine, usimnyamazishe. Barry Prizant na Judith Duchan walionyesha mwaka 1981 kwamba marudio hayo yana kazi zake. Anayesema "unataka maji?" huku akitazama jagi anaomba. Mjibu kwa maneno ambayo angestahili kuyasema yeye, "Nataka maji", kisha mpe. Akiwa na neno moja, wewe tumia mawili. Akiwa na mawili, matatu. Punguza "hii ni nini?", kwani ni mtihani na wala si mazungumzo. Lugha ya nyumbani isiachwe, hata kama shuleni inatumika nyingine.

Njia moja tunaikataa kabisa: mtu mzima kumshikia mtoto mkono au kiwiko ili "aandike" kwenye kibao cha herufi. Majaribio ya miaka ya 1990 yalimwonyesha mtoto picha moja na msaidizi picha nyingine. Kilichoandikwa kilikuwa alichokiona msaidizi. Haifanani na kuongoza mkono kwenye kadi, kwa kuwa pale mtoto ameshanyoosha mkono mwenyewe, kitu kiko mbele yake, na msaada unaondolewa hadi uishe.

Asiye na mtaalamu wa tiba ya usemi karibu aulizie mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani. Yana vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, na yalibuniwa yaendeshwe hata na wasio mabingwa. Mtoto akianza shule, kitabu chake cha kadi kiende naye na kirudi naye. Akitumia tableti yenye ubao wa maneno, chapisha ubao uleule kwenye karatasi, neno kwa neno na nafasi kwa nafasi, kwa siku ambayo chaji itaisha.