Uliza Fundi: Mshale wa joto unaruka, injini haijachemka

SWALI: Nina Toyota Vitz ambayo dashibodi yake ina taa ya bluu na nyekundu tu, haina mshale wa joto. Nilifungiwa geji ya pembeni. Sensa yake imewekwa kwenye kipande cha alumini kilichounganishwa katikati ya mpira wa juu wa rejeta. Mchana inasoma 88 hadi 92. Usiku nikiwasha taa kubwa inapanda papo hapo hadi 100, na feni ya rejeta ikianza kuzunguka inaporomoka hadi 80. Maji hayapungui. Sensa imebadilishwa mara mbili, sasa naambiwa ninunue geji mpya. Ninunue? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana, usinunue chochote bado. Dalili ulizoeleza zinaonyesha shida ya athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye negativu ya betri, na zinaonyesha athi mbili tofauti.

Anza na feni. Maji ya rejeta hayapoi kwa kuruka. Chukua lita 5 tu za maji: kuzishusha nyuzi joto 1 kunahitaji kuondoa takriban kilojuli 21 za joto. Kutoka 92 hadi 80 kwa sekunde moja ni kama kilowati 250, na feni ya gari dogo haina ubavu huo. Kwa hiyo mshale ukiporomoka wakati uleule feni inaposhtuka, umeme ndio umebadilika, maji yako palepale. Feni ikipoza kweli, utaona mshale unateremka polepole kwa dakika nzima au zaidi.

Sensa yako bila shaka ni ya waya mmoja. Waya huo unatoka kwenye geji, na njia ya kurudi ni mwili wa sensa yenyewe. Ikifungwa kwenye chuma cha injini, inapata athi bila kuombwa. Ikiwa kwenye kipande cha alumini kilichobanwa na mpira huku na huku, imetengwa na gari zima, na ni lazima kipande hicho kipewe waya wake wa athi. Wengi huuvuta waya huo hadi kwenye bolti ya karibu, na mara nyingi ndiyo bolti ileile iliyobeba athi ya feni, juu ya bodi yenye rangi. Feni ikianza kuvuta umeme mwingi, volti ya bolti ile inapanda juu ya ile ya negativu ya betri kwa kiasi kidogo, chini ya volti moja. Geji haijui hilo. Inaona volti ya sensa imeongezeka, inadhani ukinzani (kiasi ambacho sensa inazuia umeme kupita, kinachopimwa kwa omu) umeongezeka, na kwa sensa hizi ukinzani mkubwa maana yake ni maji ya baridi.

Taa zinafanya kinyume chake. Athi ya geji, nyuma ya dashibodi, huenda imeungwa kwenye waya wa athi wa taa. Ukiwasha taa, athi ya geji ndiyo inayopanda, sensa inaonekana kama imeshuka chini yake, na geji inasoma joto la juu. Ndiyo maana tunasema ni athi mbili: ukirekebisha moja tu, utabaki na nusu ya tatizo na utaanza tena kuilaumu geji.

Pima kabla ya kukata waya wowote. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyeusi iweke kwenye negativu ya betri, kwenye tamino yenyewe. Ncha nyekundu igusishe mwili wa sensa, sehemu ya shaba, si waya. Injini iwe inaunguruma, taa kubwa zimewashwa, kipuliza hewa kikiwa juu kabisa, na usubiri feni ya rejeta iwake. Soma. Volti 0.05 au chini yake ni nzuri. Ikizidi 0.1, hiyo athi haifai kwa kazi ya kupima. Rudia kwa kugusa mwisho wa waya wa athi wa geji. Weka mikono na nyaya za mita mbali na feni, maana inaweza kuwaka bila kukupa taarifa.

Marekebisho ni ya bei ndogo. Vuta waya wa milimita za mraba 1.5 kutoka kwenye kile kipande cha alumini, ukiwa na tamino ya duara, hadi kwenye bolti ya injini au moja kwa moja kwenye negativu ya betri. Palipo na rangi au kutu, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu ili unyevu usiingie. Athi ya geji nayo ipewe waya wake peke yake hadi palepale ilipoishia ya sensa. Zikianzia sehemu moja zitapanda na kushuka pamoja, na geji haitaona tofauti. Waya wa ishara, ule unaotoka kwenye sensa hadi kwenye geji, upitishe mbali na koili za plagi na waya mnene wa alteneta.

Ukimaliza na bado mshale unacheza, hapo ndipo geji yenyewe inashukiwa, na kuna njia ya kuiuliza. Chomoa waya kwenye sensa, kisha unganisha kati ya waya huo na athi rezista moja ya omu 47 kutoka duka la vifaa vya redio. Kwa geji zinazotumia sensa ya mpangilio wa VDO (chapa ya geji na sensa) wa nyuzi joto 120, mshale utasimama karibu na 93. Washa taa, kipuliza, honi, kila kitu. Ukitulia, geji ni nzima. Ukicheza, kagua umeme unaoiingia na fyuzi yake, na baada ya hapo badilisha geji.

Mpaka kazi hii ikamilike, tegemea taa nyekundu ya dashibodi. Ikiwaka, simamisha gari pembeni, zima injini, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza.

SWALI: Geji yangu haizidi 75 hata nikipanda mlima na mzigo, lakini juzi maji yalitokota hadi yakamwagika. Sensa imefungwa kwenye injini yenyewe, si kwenye mpira. Fundi aliizungushia tepi nyeupe isivuje. (Mama J., Mbeya)

JIBU: Mama J., tepi hiyo ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ni kihami cha umeme. Ikizungushwa mara nne au tano kwenye nyuzi (mikato ya skrubu) za sensa ya waya mmoja, inakata njia ya kurudi au inaacha mguso mdogo unaobadilika na mtetemo. Ukinzani wowote unaoongezeka pale unashusha kipimo, na hapo ndipo hatari ilipo. Mfano: sensa ya aina ya VDO ina omu 70 hivi kwa nyuzi joto 80, omu 51 kwa 90, na omu 38 kwa 100. Maji yakifika 100 na nyuzi chafu za skrubu zikaongeza omu 15, geji inapata omu 53 na inakuambia 89. Wewe unaendelea kukanyaga mafuta.

Injini ikiwa imepoa kabisa, toa sensa, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, ifunge bila tepi. Kama nyuzi ni za kuchongoka, zinajiziba zenyewe ukizikaza kiasi. Kama ni za kunyooka, kinachoziba ni washa ya shaba. Ikivuja, paka gundi ya nyuzi kidogo na uache nyuzi mbili za mwanzo tupu, halafu pima kwa mita kati ya mwili wa sensa na injini: isizidi omu 1. Angalia pia kama sensa inalingana na tundu. Nyuzi za 1/8 NPT, kipimo cha Kimarekani, ni 27 kwa inchi, na za 1/8 PT za Kijapani ni 28. Zinaingia mizunguko miwili mitatu, kisha zinagoma, na fundi mwenye haraka huongeza tepi.

Ukiwa umeitoa, ipime jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ncha tu, isiguse kitako cha sufuria, na usome omu zake. Kumbuka uko Mbeya: kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari maji yanachemka karibu nyuzi 94, wala si 100 kama Dar. Sensa ya VDO itaonyesha omu 45 hivi, na ni nzima.

Yale maji yaliyotokota yafuatilie pembeni, kuanzia mfuniko wa rejeta. Geji ilificha tatizo, haikulisababisha.

SWALI: Mshale unashuka hadi 60, unaruka hadi 105, unarudi. Athi nimezipima zote, ziko chini ya volti 0.05. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Basi iamini geji. Ncha ya sensa inakaa kwenye hewa kwa muda, kisha maji ya moto yanaipiga. Injini ikiwa baridi, jaza maji hadi juu, paki gari pua ikiwa imeinuka, fungulia hita ya ndani kwenye joto la juu, washa injini bila mfuniko na uongeze maji kila yanaposhuka, mpaka mapovu yaishe. Mapovu yasipoisha baada ya dakika 20, na maji yakawa yanasukumwa nje kila ukikanyaga mafuta, acha kujaza: gesi ya silinda inapita kwenye gasketi ya silinda hedi. Kapime presha ya mfumo wa maji kabla hujaendesha tena.